Barua Zote kwa Emilian

Machi 4
Mvua imeanza alfajiri na haijanyamaza. Nimepanda maharage mistari michache nyuma ya nyumba, mgongo ukakataa, nikaacha. Shuleni sikuingia hata siku moja. Herufi nilizipata ukubwani, kwenye kisomo cha parokia, kwa sababu nilichoka kusomewa barua zangu na watu wasiojua kufunga mdomo. Emilian, mume wangu, alikuwa akiniambia: andika, mama, usinimalizie maneno yote masikioni. Alikufa Januari, maharage ya vuli yakiwa yameshaingia ghalani. Masikio hayapo, basi naandika.

Machi 6
Shemeji Fabiani, mdogo wake Emilian, amekuja kunilimia, na goti lake bovu hilohilo. Ameniachia na maziwa. Katika ndugu wote wa mume wangu, huyu ndiye mtu.

Machi 11
Joan amepiga simu kutoka Biharamulo mjini. Joan ni mtoto wa binti yangu Tecla, Mungu amrehemu. Nimemlea tangu hajaota meno, na sasa yeye ndiye anayetunza mtambo wa barua pepe wa chama chetu cha wakulima. Mtambo wenyewe anauita seva, unaendeshwa na kitu kinaitwa Linux, na Joan akikitaja utadhani anataja ng'ombe wake anayekamuliwa vizuri.

Ana shida. Mnunuzi wetu wa maharage, yule wa Rwanda, huandika tu, hapigi simu, na huandika kwa anwani ya chama. Sasa anwani hiyo haina sanduku lake, ni jina tu. Barua ikifika, seva hutazama kwenye orodha jina hilo linaelekeza kwa nani, inampelekea. Na kwenye orodha kulikuwa na mtu mmoja, Emilian, kwa sababu alipokuwa mwenyekiti alitaka kila kitu kipite kwake kwanza. Namjua. Hata chumvi ya mboga ilipita kwake kwanza.

Joan aliomba kulitoa jina la babu yake. Ferdinand, katibu, amekataa. Kwa ukoo wa mume wangu, jina la marehemu haliondolewi popote mpaka matanga yaishe, baada ya mavuno ya masika. Mimi sinyoi nywele, vitu vyake vya mkononi anavishika Fabiani, kiti chake hakikaliwi. Nikamwambia Joan Ferdinand yuko sahihi. Aongeze majina ya wengine chini, la babu yake aliache juu.

Akasema, "Sawa, bibi." Akaongeza jina la Ferdinand na la Kazimili, mtunza ghala.

Machi 14
Mvua. Kuku mmoja kaliwa na kicheche.

Machi 24
Maharage yametoka vizuri. Misa, halafu kulala.

Aprili 2
Kazimili amepita na baiskeli yake. Huyu ni Msukuma, wazazi wake walihamia hapa kijijini kwetu Bisibo na ng'ombe wao kutoka Shinyanga, naye ameachana na ng'ombe, analima. Amesema mnunuzi yuko kimya. Ferdinand amemwandikia, amemwandikia tena, hakuna jibu. Fukusi wameingia kwenye maharage ya vuli. Amenionyesha kiganja cha maharage, kila punje na tundu lake. Jasho la mwaka mzima la watu wote wa chama limo ndani ya ghala lile.

Nikamuuliza Kazimili, Joan anasemaje. Akasema Joan anatafuta, na watu wameanza kumuuliza maswali.

Aprili 9
Joan amekuja nyumbani, amekonda. Nimempikia ndizi na maharage, akala kama mtu aliyetumwa kula.

Amenieleza, nami nilimrudisha nyuma mara nyingi mpaka nikaelewa. Siku ile alipoongeza majina, umeme ulikatika kabla hajamaliza. Kumbe kuandika majina kwenye orodha hakutoshi. Seva haisomi karatasi unayoandika wewe, inasoma nakala yake yenyewe, na lazima uiambie itengeneze nakala upya. Neno la kuiambia amenitajia herufi moja moja: newaliases. Umeme uliporudi alikuwa ameshaondoka kuja huku kwenye misa ya babu yake, akasahau. Kwa hiyo wiki zote hizi seva imeendelea na nakala ya zamani. Mnunuzi akimjibu Ferdinand, anajibu kwa anwani ya chama, na jibu linakwenda kwa Emilian peke yake.

Nikasema basi umekosa, sema umekosa, uzitoe barua kwenye sanduku la babu yako, yaishe.

Akasema, "Nimekosa, bibi, na nimewaambia. Ila sanduku la babu ni tupu."

Seva ina kumbukumbu zake, kila barua inaandikwa saa iliyofika na pale ilipowekwa. Barua za mnunuzi zimo: zimefika, zimewekwa kwa Emilian. Halafu asubuhi mtu anaingia kwa jina la Emilian na kwa neno lake la siri, anachota kila kitu, anaondoka. Anaingia kwa simu.

Mvua ilikuwa inapiga bati.

Aprili 10
Joan amekwenda kwa Fabiani kuuliza simu ya babu yake iko wapi. Simu ile yeye mwenyewe ndiye aliyempangia Emilian, ikumbuke neno lake la siri yenyewe, ichote barua na kuziondoa kabisa kwenye seva, ili mzee asome huku Bisibo hata mtandao ukipotea. Fabiani akamwapia kwamba simu aliizima siku ya maziko na kuifungia kwenye sanduku la bati. Joan akaomba aione. Akaambiwa vitu vya marehemu havifunguliwi kabla ya matanga kuisha.

Aliporudi nikamgombeza. Nikamwambia mtu huyu ananilimia kwa goti moja, nawe unakwenda kumsimamia mlangoni kama mgambo. Amelia. Sikumbembeleza. Leo ninavyoandika, mkono unaniuma kwa hilo.

Aprili 13
Joan ameshaiambia seva isome majina mapya, na Ferdinand amemwandikia mnunuzi tena, bila jibu. Joan amebadilisha pia neno la siri la sanduku la Emilian. Anasema sasa kila asubuhi kuna mtu anabisha, anakataliwa, anabisha tena.

Aprili 20
Wamemsimamisha kazi.

Ferdinand alimwita mbele ya wajumbe. Akasema neno la siri la marehemu lilijulikana na marehemu na Joan, na marehemu yuko kaburini. Kwa hiyo aliyechota barua ni Joan, na aliyezichota alitaka walanguzi wapate maharage kwa bei ya kutupa. Joan akawaonyesha kumbukumbu, akawaonyesha anayebisha kila asubuhi. Ferdinand akasema kumbukumbu anazitunza nani? Yeye. Basi anaweza kuandika lolote.

Ferdinand huyu mimi ndiye niliyembeba kwanza mgongoni kwa kanga, siku mama yake alipokuwa hoi na homa. Nimeandika hivyo kisha nimekaa nikitazama mikono yangu.

Aprili 28
Mvua kubwa. Mgomba umeanguka juu ya choo.

Mei 1
Maharage ya vuli yameuzwa. Mlanguzi alikuja na lori, akachota ngumi moja, akapuliza vumbi la fukusi mbele ya watu, akataja bei yake. Walikubali. Wangefanya nini? Kina mama waliotegemea pesa hiyo kwa ada na mabati wamerudi na magunia matupu mabegani, na kila aliyepita mlangoni kwangu alitazama upande wa pili wa njia.

Mei 5
Kanisani. Nimekaa kwenye benchi langu, na benchi likabaki langu kweli, hakuna aliyekaa karibu. Baada ya misa mama mmoja akasema, si kwa kunong'ona, kwamba tumewasomesha watoto waje kutuibia kwa kompyuta. Nikamwambia asogee aseme karibu, masikio yangu ni ya kizee. Hakusogea.

Joan yuko hapa kwangu, hatoki ndani. Anasema mkutano mkuu wa tarehe kumi na nane utapiga kura apelekwe polisi. Akipelekwa, hata akiachiwa, hakuna ofisi itakayompa mtambo wa kutunza. Nani anamkabidhi funguo mtu aliyeitwa mwizi wa barua?

Nimemwambia nitakwenda naye. Akauliza nitakwenda kusema nini. Sikuwa na jibu.

Mei 11
Leo nimepata jibu.

Ng'washi, jirani yangu, mwanamke wa Kisukuma wa maneno machache na mkono mpana, ana paneli za jua pale sentani kwenye maduka, anachajisha simu za watu. Nimekwenda kuchajisha yangu. Akanivuta nyuma ya banda, akasema, "Mama Tecla, nisingesema. Mambo ya ukoo wenu si yangu. Lakini yule binti kila siku ananiita mama."

Nikamwambia aseme.

Akasema Fabiani huleta simu mbili kila Jumamosi. Moja ni ile yake ya tochi. Ya pili ni kubwa, ina ufa kwenye kioo upande wa kushoto.

Ufa ule naujua. Emilian aliiangusha juu ya jiwe pale kisimani, mimi nikiwa nacheka.

Nimerudi kwa miguu na simu yangu bila chaji, nimesahau hata kuiacha. Maziwa aliyoleta Fabiani juzi yalikuwa mezani. Nimeyamwaga.

Mei 12
Nimekwenda kwake baada ya misa. Nilitaka kumpa njia. Nikamwambia, shemeji, kama simu imewaka, sema imewaka, hakuna aliyesema umeiba. Mtoto atapona.

Akaapa tena. Kwa jina la kaka yake, kwa kaburi la mama yao. Nikamwomba afungue sanduku la bati. Akasema matanga hayajaisha, na mimi mjane ndiye ningepaswa kuwa wa kwanza kulinda hilo, nywele zangu mwenyewe bado ziko kichwani. Alisema kwa upole, kama anavyosema siku zote. Na mke wake akaniletea kiti.

Sikukaa.

Mei 15
Nimewaza shambani mchana mzima. Ng'washi akisema mbele ya mkutano, watamwuliza mwanamke wa kuja anajua nini cha ukoo. Fabiani akisema simu ni kitu cha matanga, wanaume wote watainamisha vichwa, na Ferdinand wa kwanza. Mtoto wangu ataponzwa na heshima. Na heshima hiyo niliitetea mimi mwenyewe, niliposema jina liachwe juu.

Mei 18


Asubuhi nilimwita Ng'washi na wembe. Nikakaa kwenye kigoda, nikamwambia ninyoe. Aliuliza mara moja tu kama nina hakika. Ni dada wa mume ndiye hunyoa mjane, siku ambayo ukoo wote umekaa, pombe imeiva na mrithi ametajwa. Mimi nilikuwa na beseni, sabuni ya kufulia na Msukuma. Alininyoa polepole, analia, machozi yake yakaniangukia shingoni. Nikavua nguo nyeusi, nikavaa kitenge cha njano alichoninunulia Emilian mnada wa Biharamulo, nikamwambia Joan twende.

Mkutano ulikuwa ndani ya ghala, maana mvua ilikuwa inatishia. Nilipoingia, maneno yalikatika. Watu walitazama kichwa changu. Dada mkubwa wa Emilian alijifunika uso kwa kanga.

Ferdinand akasema, "Shikamoo mama. Kaa tuendelee."

"Marahaba. Sikai. Matanga ya Emilian yameisha leo, nimeyamaliza mimi mke wake. Shemeji Fabiani, leta simu."

Pakawa na kelele za chini. Mzee mmoja wa ukoo akasema mwanamke hamalizi matanga peke yake, nimekwenda kinyume, nitafute cha kusema kwa wafu. Nikamwambia wafu nitawajibu mwenyewe, tumekaa nyumba moja miaka mingi. Fabiani alisimama, akanitazama kwa huruma, akawaambia watu kwamba shemeji yake amezidiwa na uchungu, na simu iko nyumbani, imezimwa, haina hata chaji.

Hapo ndipo Kazimili alipotoa simu yake mfukoni. Kwenye ukoo wetu hakuna mtu anayepiga namba ya maiti. Tangu Januari hakuna aliyeipiga, hata mimi, ingawa nilitamani. Kazimili si wa ukoo wetu. Alitafuta namba, akabonyeza, akaiweka simu yake juu ya gunia tupu watu wote waone.

Koti la Fabiani likalia.

Ulikuwa ni wimbo wa kwaya yetu, ule Emilian alioufanya mlio wa simu yake. Hakuna aliyesogea. Uliimba ubeti mzima. Fabiani alishika mfuko kwa nje, kama mtu anayemziba mtoto mdomo.

"Toa," nikasema.

Akatoa. Joan akaipokea kwa mikono miwili, kwa sababu nimemfundisha adabu hata mbele ya aliyemchafua. Akazisoma barua kwa sauti, Kiingereza kwanza, kisha Kiswahili. Mnunuzi anauliza lori lije lini. Mnunuzi anauliza tena, anasema ghala lake la Kigali linasubiri. Mnunuzi anasikitika, amechukua maharage ya watu wengine, anatutakia msimu mwema.

Wanawake waliorudi na magunia matupu walikuwa pale. Mmoja aliketi chini.

Ferdinand akamwuliza Fabiani kwa nini. Akasema hakujua Kiingereza. Aliona barua zinaingia, akazifunga, akadhani ni matangazo. Kwa nini basi aliiwasha? Akasema, akinitazama mimi tu, "Sauti yake imo humu, shemeji. Hotuba zake za mikutano. Nilitaka kumsikia."

Nikamwambia, "Na mimi nilitaka kumsikia."

Ningeweza kumsamehe hilo. Hata barua, mtu asiyejua hajui. Lakini siku walipomwita Joan mwizi alikuwa ameketi benchi la mbele na simu kifuani, akasikia, akanywa chai yao, akarudi nyumbani. Akanijia na maziwa.

Mei 19
Sikwenda misa. Kichwa kina baridi.

Mei 24
Joan amerudishwa kazini. Ferdinand amempa barua ya onyo kwa kusahau kuiambia seva isome majina mapya. Yeye aliyekataza jina la marehemu lisitolewe hana barua ya onyo. Nilitaka kwenda kumwuliza. Joan amenikataza, amesema onyo ni la haki, kosa ni lake. Nimemtazama mtoto huyu nikajiuliza ametoa wapi moyo mzima hivyo, maana wangu si mzima.

Kura ya polisi haikupigwa. Hakuna aliyesema samahani. Wanamsalimia tu, mwanangu hujambo, mwanangu umeshindaje, utadhani alikuwa safarini.

Juni 2
Jua. Nimevuna. Kazimili na Ng'washi wamenisaidia kupiga maharage. Watu wa ukoo hawakuja.

Juni 9
Wazee watatu wa ukoo wamekuja wamevaa makoti. Nimewapa viti na uji. Wamesema nilivunja matanga, nikanyolewa na mkono wa mgeni, nikamvua nguo shemeji mbele ya umma. Kwa hiyo ile nafasi kushoto kwa Emilian, iliyowekewa mawe kwa ajili yangu, wameifuta. Nikifa nirudishwe kwetu Kanazi, Ngara, kwa watoto wa kaka zangu, ambao hata sura zao sizijui.

Nikawauliza kama Fabiani naye wamemfuta mahali. Mmoja akasema Fabiani ni damu.

Nimewaambia wamalize uji. Wakaumaliza. Walipoondoka nimekwenda makaburini. Mawe wameshayatoa, udongo bado una alama zake. Nimelala pale kidogo, ubavu, nijue ingekuwaje. Kisha nimeinuka nikajikung'uta. Joan anakwenda kazini kesho, na jina lake ni safi. Wangeniuliza tena ningenyoa tena.

Juni 14
Nimepanda basi kwenda mjini. Joan alisema hawezi kulitoa jina la babu yake bila mimi.

Ofisi ni chumba kimoja. Seva yenyewe ni sanduku jeusi linalovuma chini ya meza, nililitarajia kubwa zaidi. Joan akafungua orodha. Nikaliona: Emilian, halafu koma, halafu Ferdinand, halafu Kazimili. Nililisoma mwenyewe. Joan akaweka kidole juu ya kitufe, na kidole kikakaa hapohapo. Ferdinand alikuwa mlangoni, Kazimili pembeni yake.

Nikasema, "Futa, mama. Babu yako hapokei."

Akafuta, herufi moja moja kutoka nyuma, mpaka E. Kisha akaandika lile neno lake, newaliases, akalisoma mara mbili kabla ya kubonyeza. Akaandika barua fupi ya majaribio kwenda kwa anwani ya chama, akaituma.

Simu ya Ferdinand ikalia. Ya Kazimili ikalia. Joan akapumua, akafunika uso kwa viganja.

Ya Emilian, niliyokabidhiwa na Joan, ilikuwa kwenye mkoba wangu, nimeichajisha usiku kucha. Nikaitoa, nikaiweka mapajani, nikasubiri kama nayo italia. Wenzangu walianza kuongea habari za lori la msimu huu. Niliendelea kusubiri kidogo, halafu nikairudisha mkobani.